Kisima cha Umeme Katika Njia ya Mlima Kenya

Zamani, msafara ulipokuwa ukitoka Mombasa kwenda bara, swali la kwanza alilotupiwa kiongozi wa njia halikuwa siku ngapi za mwendo. Aliulizwa: maji yako wapi? Kwani mbele yao ilikuwapo nyika ya Taru, kavu na yenye miiba, na mtu aliweza kuwa na miguu ya chuma na mzigo mwepesi, akafa njiani kwa kukosa kikombe cha maji. Wazee wakazijua ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayotega maji ya mvua, na mwendo wa kila siku ukapimwa kwa umbali wa ngurunga moja hadi nyingine. Safari haikuwa miguu. Safari ilikuwa visima.

Leo swali hilo limerudi kwa mlango mwingine. Limerudi na gari la umeme. Watu wengi, wakilitazama gari hili, huuliza bei yake, mwendo wake, na kama lina nguvu ya kupanda mlima. Hayo ni maswali ya miguu. Mwenye kutaka kutoka nalo Nairobi kwenda Karatina, Nyeri, Nanyuki na Meru yampasa aulize swali la kiongozi wa msafara: nikiishiwa nijaze wapi, nijaze kwa muda gani, na nikifika nitamkuta nani mbele yangu?

Makala haya ni juu ya swali hilo. Ndugu msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asidhani kwamba tunampeleka mbali na kwake, kwani mbele kidogo ataona kuwa jambo hili la mlimani linamhusu hata yeye aketiye barazani akipigwa na upepo wa kusi.

UMEME ULITUANZIA SISI

Kwanza tukumbushane. Katika nchi hizi, umeme haukushuka kutoka bara. Shirika la umeme la Kenya lenyewe, likieleza asili yake, huanza na mwaka 1875, pale Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojipatia mtambo wa kuwashia taa jumba lake na njia za jirani. Mtambo huo, kwa mujibu wa historia hiyo hiyo, ukanunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndipo ikaundwa kampuni ya kuuzia umeme mji wa Mombasa.

Basi taa ilianza kwa mfalme mmoja na jumba lake. Baadaye ikawa ya wenye majumba ya mawe, kisha ikawa ya mitaa, na leo mwenye duka la vocha kule Majengo anunua tokeni zake kwa simu. Ilichukua muda mrefu hata ikawa ya watu. Gari la umeme nalo limeanza vivyo hivyo, kwa wenye nafasi. Linalotupasa kuuliza ni kama litachukua muda huo huo kuwafikia wengine, na jibu lake, kwa maoni yangu, limo katika vituo vya kujazia kuliko katika gari lenyewe.

Mwezi wa Septemba 2023 jambo hili lilifanywa rasmi. Rais William Ruto alizindua mpango wa usafiri wa umeme papa hapa Mombasa, na siku chache baadaye, katika mkutano wa Afrika juu ya hali ya hewa uliofanyika Nairobi, alionekana akiendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme cha rangi ya manjano. Kabla ya hapo, mwaka 2019, serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa bidhaa kwa magari haya kutoka asilimia 20 hadi 10. Mlango ukafunguliwa, na watu wakaanza kuingia.

YUNITI NI MAJI, BETRI NI MTUNGI

Tuieleze kazi yake kwa lugha ya nyumbani. Kila mwenye mita ya tokeni ajua yuniti. Yuniti moja ni umeme wa kilowati moja uliotumika kwa muda wa saa moja. Betri ya gari ni mtungi, na ukubwa wake hupimwa kwa yuniti hizo hizo. Nissan Leaf, gari ambalo limeonekana sana katika barabara zetu kwa kuwa laletwa likiwa limetumika huko Japani, lilianza na betri ya yuniti 24, kisha 30, na lile la umbo la pili likaja na yuniti 40. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, mnunuzi wa sasa aghalabu hulipata hilo la umbo la pili.

Mtungi huu wajazwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni soketi ya ukutani nyumbani, ambayo hutoa kilowati 2 na kitu, au 3. Kujaza yuniti 20 kwa njia hii ni kazi ya usiku kucha. Ya pili ni kisanduku maalumu kifungwacho ukutani na fundi, chenye kilowati 7 hivi, ambacho kwa yuniti hizo 20 chataka saa 3. Ya tatu ndiyo chaji ya haraka, ya kilowati 50 au zaidi, ambayo humalizana na yuniti 20 katika muda wa nusu saa hivi. Mashine ya namna hii haiwezi kufungwa kwenye waya wa nyumba ya kawaida. Yataka njia yake ya umeme na, mara nyingi, transfoma yake.

Nyumbani, basi, mtu hujaza akiwa amelala, na wala hana haja ya kituo. Chaji ya haraka ni ya msafiri. Na hapo ndipo penye ila, kwani vituo vya haraka vya Kenya vimejikusanya Nairobi, hasa katika maegesho ya maduka makubwa, mahali ambapo wengi wa wenye magari haya wana soketi majumbani mwao. Kadiri uelekeavyo mlimani ndivyo vinavyopungua. Visima vingi vimechimbwa mjini, na vichache nyikani.

HESABU YA BWANA FULANI

Chukua mfano wa Bwana Fulani. Tuseme ni mtu wetu wa Mombasa afanyaye biashara Nairobi, na amejinunulia gari la yuniti 40. Ana nduguze Nyeri, kwani msomaji ajua kwamba katika miji hii ya mlimani, kama ilivyo miji mingi ya bara, iko mitaa iitwayo Majengo yenye misikiti na watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya jikoni. Ataka kwenda kuwajulia hali, kisha aendelee hadi Nanyuki.

Gari lake si jipya kiwandani. Betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa hupoteza sehemu ya ujazo wake, basi tuhesabu kuwa mtungi wake sasa wapokea yuniti 35. Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi. Kwa mwendo wa kiasi, gari la namna hii hula yuniti 16 kwa kila kilomita 100, basi kwa 150 litakula 24.

Lakini njia ya mlimani si tambarare. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Ukipita Thika na Makutano, barabara hushuka hata Sagana, penye mita 1,200 au chini kidogo. Kutoka hapo yaanza kupanda kuelekea Karatina na Nyeri, hata ukafika mita 1,750. Kulipandisha gari na watu wake mita hizo 550 hula karibu yuniti 3 juu ya zile za mwendo, sawa na kukimbia kilomita 18 mahali pa sawa. Ni kweli kwamba katika mteremko gari la umeme hurudisha sehemu ya deni, kwani mota yake hugeuka kuwa mtambo wa kuzalisha umeme na kuirudishia betri. Hurudisha sehemu kubwa, lakini si yote. Mlima ni mkopeshaji asiyesamehe senti ya mwisho.

Bwana Fulani atafika Nyeri akiwa na yuniti 9 au 10. Nanyuki iko mbele yake kilomita 60, napo ni juu zaidi, mita 1,950 hivi, penye mstari wa ikweta. Safari hiyo yataka yuniti 10 na zaidi. Maana yake ni kwamba atakauka njiani, pengine baada ya Naro Moru, jioni, baridi ikianza kuteremka kutoka kileleni. Na gari la umeme halina dumu. Aliyeishiwa na petroli huomba lifti ya bodaboda na kurudi na lita 5. Aliyeishiwa na umeme huita gari la kukokota.

Kwa hiyo Nyeri si mahali pa kupita tu katika hesabu yake. Nyeri ndiyo ngurunga yake. Akijaza hapo kwa nusu saa, safari imekamilika. Asipopata pa kujaza kwa haraka, yampasa alale kwa nduguze na waya umepitishwa dirishani. Si vibaya, kwani udugu hupata nafasi, lakini hiyo si njia ya kufanyia biashara wala ya kumwahi mgonjwa.

PLAGI SI MOJA

Tuseme amekuta kituo. Liko jambo la pili ambalo mwenye gari jipya hulijua akiwa amekwisha kufika, nalo ni mdomo wa waya. Pampu ya petroli huingia katika kila gari. Waya wa umeme sivyo. Magari ya Japani kama Leaf hutumia kwa chaji ya haraka plagi iitwayo CHAdeMO. Magari ya Ulaya, na mengi ya Kichina yaliyotengenezwa kwa soko la nje, hutumia CCS2. Mengine ya Kichina, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kwao kisha yakaletwa huku, yana plagi ya tatu iitwayo GB/T. Mtu aweza kusimama mbele ya kisima kimejaa, na kamba ya ndoo haimfai.

Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara, kabla ya kutazama rangi ya viti, hufungua kifuniko cha mahali pa kujazia na kuuliza: plagi hii yapatikana wapi katika njia nitakayopita? Na kabla ya kung'oa nanga, hupiga simu kituoni. Programu za simu huonyesha vituo kwenye ramani, lakini ramani haisikii harufu ya waya ulioungua, wala haijui kwamba mlinzi amefunga lango na kwenda kwao. Simu ya shilingi chache yaweza kuokoa safari nzima.

Wako pia wanaoogopa kujaza mvuani, na mlimani mvua haina simile kati ya Machi na Mei. Hofu hiyo yatulizwa. Umeme haupiti katika waya mpaka gari na mashine vimekwisha kuzungumza na kukubaliana kuwa plagi imekaa sawasawa. La kuepukwa ni kutumia waya uliochubuka, kuukanyaga kwa magurudumu, au kuulazimisha pale unapokataa.

ADABU YA KISIMANI

Sasa tufike kwenye kiini. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mashine hii jina lake ni chaji ya haraka. Je, baraka yake iko wapi? Nasema iko katika kujua wakati wa kuondoka.

Betri ina tabia yake. Ikiwa tupu hupokea umeme kwa pupa. Ikifika asilimia 80 hivi huanza kusita, na mashine hupunguza nguvu ili isiiumize. Asilimia 20 za mwisho zaweza kuchukua muda sawa na zile nyingi zilizotangulia. Kwa hiyo mtu anayeng'ang'ania kituoni mpaka aone 100 hajifaidi sana, na anamdhulumu aliye nyuma yake. Zaidi ya hayo, magari kama Leaf hayana mtambo wa kupoza betri, na kuijaza kwa haraka mara kwa mara katika safari moja huipandisha joto. Hapo hewa ya Nyeri ni msaada, lakini kiasi ni kiasi popote.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na visima. Katika mitaa ya mawe, kisima hakikuwa cha mtu mmoja hata kama kilichimbwa na mmoja. Wengi walivitoa wakfu, na kila mtoto alifundishwa adabu zake: teka haja yako, usichafue, usiache ndoo ndani, mpishe mwenye kiu kuliko wewe. Hakuna aliyeweka mtungi wake mdomoni mwa kisima akaenda sokoni. Lakini katika vituo vya umeme jambo hilo hutokea. Mtu huchomeka waya, huenda kula, hukaa kwa maongezi, gari limejaa zamani, na nyuma yake yuko dereva wa teksi ambaye kila dakika anayosubiri ni shilingi inayomponyoka.

Tuseme dereva huyo ni kijana wa Karatina, na amemkuta Bwana Fulani ameketi.

"Shikamoo mzee. Samahani, umefika ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Themanini na mbili."

"Na unaenda mbali?"

"Nanyuki tu, halafu nalala huko."

"Basi hiyo inakutosha, mzee. Mimi nina abiria wa kwenda Thika."

"Kweli. Ngoja nichomoe."

Maneno yenyewe ni machache, lakini ndiyo yanayofanya kituo kimoja kitoshe magari kumi, na kukosekana kwake hufanya vituo kumi visitoshe. Mashine zaweza kusaidia, kwa mfano kwa kumtoza faini anayeegesha baada ya kujaa. Lakini faini ni fimbo, na fimbo hufika pale adabu iliposhindwa kufika.

Nusu saa yenyewe si hasara. Msafiri hupata kusali, kunywa chai ya maziwa na kunyosha mgongo. Barabara hiyo imeua watu wengi waliokuwa na haraka, na gari linalomlazimisha dereva kupumzika kila baada ya masafa fulani huenda lina hekima kuliko mwenyewe.

MAJI YA MLIMANI, TAA YA RABAI

Tuliahidi kusema kwa nini jambo hili lamhusu mtu wa pwani. Mto Tana, unaomwaga maji yake baharini huko Kipini, unaolisha mashamba ya Wapokomo na mifugo ya Waorma, huzaliwa katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, juu ya miji hii hii tunayoitaja. Ukishuka, hupita katika mabwawa yaliyojengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kutoka Kiambere nyaya kubwa huja moja kwa moja mpaka Rabai, nyuma ya Mombasa. Kwa hiyo miaka mingi taa zetu zimekuwa zikiwaka kwa maji ya mlima ule, na watu wa Tana ya chini wamelipa sehemu ya gharama, kwani mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yao yalipungua.

Mlimani kwenyewe viko vyanzo vidogo. Katika mto Gura wa Nyeri, wakulima wa chai kupitia shirika lao la KTDA wanao mtambo wao. Na katika maporomoko ya Sagana uko mtambo wa zamani, wa miaka ya 1950, wenye nguvu ya megawati 1.5. Tuipime nguvu hiyo kwa kazi mpya. Megawati 1.5 ni kilowati 1,500. Mashine 30 za chaji ya haraka, za kilowati 50, zikifanya kazi pamoja, zaweza kuumeza mtambo mzima bila kubakiza taa moja ya jikoni. Ndipo uone kwamba kituo cha haraka si kama kuongeza soketi.

Je, Kenya ina umeme wa kutosha? Mchana na usiku si kitu kimoja. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, na mvuke haujui kulala. Usiku wa manane, viwanda vimefungwa na watu wamezima taa, nguvu hiyo hukosa mtumiaji. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu kwa umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti katika saa za kawaida, na shilingi 8 katika saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Hiyo ndiyo bei ya kumwuzia mwenye kituo, naye huongeza gharama zake na faida yake. Kwa bei hiyo, yuniti 20 za Bwana Fulani zingemgharimu mwenye kituo shilingi 320 mchana, na 160 usiku. Mwenye kujua bei ya lita moja ya petroli aendelee na hesabu mwenyewe.

Lakini mwaka huo huo 2023, tarehe 25 Agosti, giza liliikumba karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mwezi wa Desemba likarudi tena. Siku kama hizo, mashine ya haraka isiyo na akiba ya betri au paneli za jua ni kisima kilichokauka, na gari la umeme lililo karibu tupu halina pa kwenda. Wenye kujenga vituo mlimani, ambako jua la Nanyuki na Timau si haba, yawapasa walifikirie jambo hilo tangu siku ya kwanza.

KISIMA NI CHA NANI?

Limebaki swali la mwisho, nalo ndilo zito. Nani atajenga vituo hivi, na kwa ajili ya nani?

Nairobi tulipata funzo. Mwaka 2018 ilianzishwa huduma ya teksi za umeme iitwayo Nopea Ride, ikitumia Nissan Leaf, pamoja na vituo vyake katika maduka makubwa. Watu waliipenda. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilisimamisha kazi. Funzo ni kwamba kituo hakiishi kwa sifa. Kituo huishi kwa magari yanayokuja kila siku, na magari hayaji mpaka kuwe na vituo. Kila mmoja amngoja mwenzake, kama watu wawili wakaribishanao mlangoni, na mvua inawanyea wote wawili.

Walioonekana kukwepa mtego huo ni wa pikipiki. Kampuni kama Spiro na Ampersand hazimtaki mwendesha bodaboda asubiri. Afika na betri tupu, aiacha, achukua iliyojaa, na kwenda zake kwa dakika chache. Pikipiki zenye betri zimewazidi kwa wingi magari ya umeme hapa nchini, kwa sababu mwenye bodaboda hupiga hesabu ya kila siku na huona faida yake jioni ile ile. Mabasi nayo yameanza. BasiGo ilianza Nairobi mwaka 2022, na mabasi yake hujazwa usiku katika yadi.

Basi nionavyo mimi, kituo cha mlimani kisianzie kwenye hoteli ya watalii. Kianzie pale kazi ilipo: karibu na soko la Karatina, moja ya masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki, penye stendi ya matatu Nyeri, na penye njia panda ya malori Nanyuki na Meru. Viazi, karoti na kabichi za huko ndizo tunazozikuta Kongowea. Miraa ya Meru hukimbizwa kila siku kama barua ya mfalme. Katika kila fungu la karoti mama wa Mombasa hulipa, bila kujua, sehemu ya mafuta ya lori. Siku magari ya mizigo yatakapoweza kujazwa kwa umeme wa shilingi chache, nafuu yaweza kufika mpaka kwenye chungu chake. Lakini haitafika ikiwa visima vyote vitachimbwa ndani ya ua wa wenye nacho.

Kwa mwenye gari jipya, wasia ni mfupi. Jaza nyumbani kabla ya kutoka. Hesabu mlima kama unavyohesabu umbali. Usishuke chini ya asilimia 20 ukitumaini kituo kimoja tu, bali uwe na cha pili akilini. Ijue plagi yako. Piga simu. Na ukifika 80, mtazame aliye nyuma yako.

Kwa wakubwa wa serikali za majimbo ya mlimani na wenye mitaji, wasia ni mfupi zaidi: chimbeni nyikani, maana mjini hakuna aliyekufa kiu.

Na kwa kuwa ukurasa huu haujazoea kuagana bila ubeti, nami naaga na huu:

Msafiri wa milima, chunga njia kwa hesabu,
Moto usije kuzima, na kituo si karibu,
Ukipata cha lazima, mpishe wako sahibu,
Kisima huwa kizima, kikitunzwa kwa adabu.